Kutazama ndege kwenye ziwa la Tshangalele: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wa Lubumbashi, Likasi na vijiji vya bonde la Lufira wanaotaka kwenda kutazama ndege Tshangalele. Mgeni anayetoka mbali naye atapata la kumfaa, lakini nimemfikiria kwanza mwenyeji. Ziwa liko karibu nasi, lina ndege asiyejulikana mahali pengine popote duniani, na wengi wetu tumelifahamu kwa samaki wake tu.

Tshangalele ni ziwa la asili?

Hapana, ni ziwa lililotokana na kazi ya watu. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, ilitaka umeme wa kuchakatia shaba, ikauziba mto Lufira pale Mwadingusha, juu ya maporomoko yaliyoitwa Cornet wakati wa ukoloni. Kituo cha umeme kilianza kazi mwaka 1930. Maji yalirudi nyuma yakafunika tambarare na vinamasi vya bonde, na hapo likazaliwa ziwa. Chini kidogo mtoni likajengwa baraji (ukuta wa kuzuia maji) la pili, Koni. Leo vituo vyote viwili viko mikononi mwa SNEL, shirika la umeme la taifa, na mitambo ya Mwadingusha ilikarabatiwa ikarudi kutoa umeme mwaka 2021.

Ziwa liko yapata mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi za Juni na Julai zina baridi kweli. Watu wa Lubumbashi wanaijua baridi hiyo, ila ziwani inaongezewa na upepo. Njoo na koti.

Kwa nini ndege wapende ziwa la baraji?

Kwa sababu ni ziwa la kina kifupi. Ziwa lenye kina kirefu na kingo za mwamba lina chakula kidogo kwa ndege wa kutembea majini, hata likipendeza vipi machoni. Tshangalele ni kinyume chake. Sehemu nyingi mvuvi anausukuma mtumbwi kwa upondo, na upondo unagusa chini. Jua linafika hadi kwenye tope, mimea inaota ndani ya maji, konokono na wadudu wanazaana, samaki wadogo wanajificha kwenye mafunjo na matete. Kila tabaka lina mlaji wake.

Tena maji yanapanda na kushuka kila mwaka. Kiangazi kikikaribia kwisha, mvua haijanyesha kwa miezi na mitambo inaendelea kunywa, ukingo wa ziwa unarudi ndani na kuacha tope pana. Kwa ndege wa miguu mirefu, tope hilo ni meza iliyoandaliwa. Mvua zikija, maji yanayarudia majani, na wanaojenga viota juu ya maji wanaanza kazi. Ndiyo maana mtu aliyefika Oktoba na yule aliyefika Machi wanaweza kusimulia mambo tofauti kabisa, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Ni kweli kuna ndege anayepatikana Tshangalele tu?

Ni kweli, na kwangu hii ndiyo sababu ya kwanza ya kwenda.

Anaitwa kitaalamu Ploceus ruweti. Ni mnana, yaani mmoja wa wale ndege wadogo wa manjano wanaosuka viota vya kuning'inia. Jina lake linamkumbuka Jean-Claude Ruwet, mtaalamu Mbelgiji aliyechunguza ndege na samaki wa ziwa hili karibu na wakati wa Uhuru. Vielelezo vya mnana huyu vilikusanywa ziwani mwaka 1960, vikakaa miaka bila kupewa jina la peke yake. Mwaka 1982 Michel Louette na C. W. Benson waliwalinganisha wanana wa vinamasi vya upande huu wa Afrika, wakaona kwamba yule wa Lufira ni wa pekee, wakamwandika kama spishi mpya.

Kisha kimya. Katanga ilipita katika miaka migumu, watafiti walikuwa wachache, na kwa muda mrefu dunia ya wataalamu haikuwa na habari kama mnana huyu bado yupo. Mwaka 2009 Louette na Michel Hasson wakachapisha taarifa kwamba ameonekana tena, papo hapo Tshangalele.

Naomba msomaji atulie hapa kidogo. Katika miaka yote hiyo ndege hakuwa amepotea. Wavuvi wa Kapolowe walipita karibu na viota vyake kila asubuhi, na watoto walimsikia akipiga kelele kwenye matete. Kilichokosekana ni mtu wa kumtazama na kuandika alichokiona, tarehe na mahali. Kazi hiyo haihitaji shahada. Inahitaji macho, subira na daftari, na sisi tulio karibu tuna nafasi kubwa ya kuifanya kuliko mtaalamu anayepanda ndege kutoka Ulaya kwa wiki mbili.

Watu huuliza pia: ziwa lina umri wa karibu miaka mia tu, ndege huyu alitoka wapi? Spishi haizaliwi kwa miaka mia. Bila shaka aliishi kwenye vinamasi vya Lufira kabla ya baraji, na maji yalipotanda akakaa pale pale. Hivyo baraji halikumleta, lakini leo maisha yake yanategemea jinsi tunavyoendesha maji ya baraji hilo na mito inayoyaleta.

Nitamtambuaje mnana huyo?

Kwa uangalifu mkubwa. Dume wakati wa kuzaa ana mwili wa manjano na barakoa nyeusi usoni. Shida ni kwamba maelezo hayo yanawafaa wanana wengi. Ndugu zake wa karibu ni mnana wa Katanga (Ploceus katangae), wa Upemba (Ploceus upembae) na yule wa upande wa Tanganyika (Ploceus reichardi), na kuna wanana wengine wenye barakoa wanaotembelea matete hayo hayo. Majike na vijana ndio wagumu zaidi. Nje ya majira ya kuzaa hata madume ya wanana wengi wanavua mavazi yao, nawe utabaki na ndege mdogo wa rangi ya majani makavu.

Ushauri wangu: usiseme "nimemwona" kwa sababu uko Tshangalele na umeona manjano. Piga foto kadhaa, ya uso, ya mgongo na ya tumbo. Andika rangi ya jicho. Andika kiota kilining'inia kwenye mmea gani, na kama chini yake kulikuwa na maji au nchi kavu. Weka mazingira yote kwenye daftari kabla ya kuweka jina. Foto mbaya yenye maelezo mazuri ina faida kuliko foto nzuri isiyo na tarehe.

Mbali na huyo, nitaona nini?

Mengi, na mengine bila hata kutoka ukingoni.

Furukombe (Icthyophaga vocifer) utamsikia kabla ya kumwona. Ni tai mwenye kichwa cheupe na tumbo la kahawia-nyekundu, na sauti yake inavuka ziwa. Tafuta mti mkavu ulio karibu na maji, mara nyingi yuko juu yake. Mdiria mweusi na mweupe (Ceryle rudis) anasimama hewani akipigapiga mabawa, kisha anajitupa majini kichwa mbele. Ndugu yake mdogo wa bluu na rangi ya machungwa (Corythornis cristatus) anakaa chini kabisa kwenye matete, na wengi wanampita bila kumwona kwa sababu wanatazama mbali.

Kwenye majani yanayoelea yuko sile (Actophilornis africanus), ndege wa kahawia mwenye vidole virefu ajabu vinavyogawanya uzito wake, akatembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama. Kwa sile, dume ndiye anayelalia mayai na kulea vifaranga. Jike anaweza kuwa na madume kadhaa. Ukiona ndege mzima akiinama na kuinuka na vidole vingi vinaning'inia chini ya mabawa yake, huyo ni baba amewabeba watoto.

Korongo wapo wa kila kimo. Mkubwa kuliko wote ni Ardea goliath, anayesimama peke yake kwenye maji ya kina, akisubiri samaki wakubwa ambao wengine hawawawezi. Yule mweusi mdogo, Egretta ardesiaca, ana ufundi wa kushangaza: anakunjua mabawa mbele mpaka yanafunika kichwa chake pande zote kama mwavuli, samaki wadogo wanakimbilia kivulini, naye anawadokoa. Simama umtazame akifanya hivyo, hatua kwa hatua, kivuli baada ya kivuli. Anastomus lamelligerus ana mdomo usiofunga katikati. Kazi yake ni konokono. Yangeyange weupe wako kila mahali, pamoja na wale wanaofuata ng'ombe.

Mabata: tafuta makundi ya Dendrocygna viduata, mwenye uso mweupe, anayepiga mluzi usiku na mchana. Nettapus auritus ni bata mdogo kabisa wa Afrika, mwenye mbavu za rangi ya machungwa, anayependa ghuba tulivu zenye yungiyungi. Bata bukini mkubwa mweusi mwenye mwiba kwenye bawa ni Plectropterus gambensis. Kibisi anazama na kuibuka mahali usipotarajia. Mnandi na mbizi wanakaa juu ya vijiti vya nyavu wakianika mabawa. Mbizi ndiye mwenye shingo nyembamba ndefu, na akiogelea ni shingo peke yake inayoonekana juu ya maji.

Kwenye matete na nyasi za ukingo, wakati wa mvua, madume ya Euplectes, ndege wadogo jamaa wa wanana, wanabadilika kuwa wekundu na weusi. Mchana wa jua kali utawaona wamejitutumua rangi zote juu ya bua moja la tete.

Na usisahau msitu wa miombo unaoupita njiani. Keremkerem, wanaokula nyuki, wanakaa kwenye nyaya na matawi makavu. Wengi wanatoka Lubumbashi wakiwa na haraka ya kufika majini, wanafunga vioo vya gari na kuupita msitu wote. Simameni nusu saa mahali penye miti mizima. Kila mwaka mahali hapo panapungua.

Niende wakati gani wa mwaka?

Kama unataka ndege wengi kwa urahisi, nenda Septemba na Oktoba. Maji yameshuka, tope liko wazi, barabara ni kavu, na wageni kutoka kaskazini wameanza kufika. Ni miezi ya joto kali, kwa hiyo utafanya kazi asubuhi na jioni.

Kama unamtafuta mnana wa Lufira katika mavazi yake, nenda wakati wa mvua, kati ya Desemba na Machi. Utalipa kwa matope, mbu na radi. Ni bei ya haki.

Kuanzia Oktoba hadi Aprili wapo wasafiri waliozaliwa Ulaya na Asia: mbayuwayu (Hirundo rustica), sululu wa aina mbalimbali, korongo weupe (Ciconia ciconia) wanaopita au kukaa kwenye mabonde. Sululu mmoja mdogo, Tringa glareola, anazaa kwenye vinamasi vya kaskazini ya mbali, kisha anakuja kula kwenye tope letu. Mei hadi Agosti ni miezi ya wenyeji peke yao, na hewa ni safi mpaka moshi wa kuchoma nyasi unapoanza.

Saa ngapi?

Kabla jua halijachomoza uwe tayari uko ukingoni. Saa mbili za kwanza za mwanga zina thamani kuliko siku yote inayobaki, na maji yanakuwa bado hayajatibuliwa na upepo. Saa tano pumzika, kula, andika. Rudi saa tisa na nusu.

Nafikaje kutoka Lubumbashi?

Unashika barabara ya taifa namba 1 kuelekea Likasi, ambayo ni ya lami na ina peaje (kituo cha kulipia barabara). Likasi iko kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi. Njia ya kwenda Kapolowe inaachana na barabara kuu kabla ya kufika Likasi, na Kapolowe Mission iko karibu kabisa na ziwa upande wa magharibi. Mwadingusha kwenyewe, penye baraji, ni mbali zaidi, upande wa kaskazini-mashariki, na njia yake wakati wa mvua inataka gari lenye nguvu au dereva wa moto (pikipiki) anayeijua.

Asiye na gari apande basi la Likasi na kumalizia na moto. Lala Kapolowe au Likasi. Mtu anayetaka kwenda na kurudi siku moja atafika ziwani jua likiwa juu, ndege wamekwisha kujificha, halafu atasema Tshangalele haina kitu. Malori ya migodi yanajaza barabara hiyo, usiku ni hatari. Usiendeshe giza.

Nahitaji ruhusa?

Kwa kutazama ndege kwenye ukingo wa kijiji, jambo la kwanza ni kujitambulisha. Ingia kwa chifu wa kijiji au mwakilishi wake kabla ya kutoa darubini. "Jambo papa, tumekuja kutazama ndege, tunaomba njia." Eleza unakaa wapi na unaondoka lini. Katika nchi yetu mtu anayezunguka kwenye matete na darubini akielekeza huku na huku ataulizwa maswali, na wanaouliza wana haki ya kuuliza. Beba kitambulisho. Mgeni wa nje ya nchi apitie pia ofisi za serikali za eneo na awe na barua ya kueleza safari yake.

Baraji na kituo cha umeme usivipige foto, wala askari, wala daraja, hata kama ndege mzuri ametua juu yake. Ukitaka kuingia eneo la mitambo, omba kwa SNEL mapema na kwa maandishi. Ukikataliwa, ziwa ni kubwa, kuna mahali pengine.

Ziwa linalindwa na sheria?

Kwa karatasi, ndiyo, tena kwa ngazi kadhaa. Bonde la Lufira lina hifadhi ya biosfea iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 1982. Mwaka 2017 bonde likaandikwa kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Hifadhi ya taifa ya Kundelungu, iliyoundwa mwaka 1970 na kusimamiwa na ICCN, taasisi ya taifa ya uhifadhi wa maumbile, iko upande wa mashariki. Na ipo sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa maumbile.

Ukingoni hutaona bango linalokuambia hayo. Maisha ya ziwa yanaamuliwa na wavuvi, wachoma makala (mkaa), wakulima, SNEL na migodi ya Likasi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "mahali hapa ni Ramsar, pako salama", mwombe atazame tena.

Maji ya migodi yanafika ziwani?

Yanafika. Mito Panda na Buluo inapita upande wa Likasi, ambako madini yamechakatwa tangu ukoloni, na inamwaga Lufira. Wachunguzi, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (Unilu), wamepima tope na samaki wa Tshangalele wakakuta shaba, kobalti na metali nyingine kwa viwango vya kutia wasiwasi. Metali inazama kwenye tope. Konokono na mabuu wanaishi ndani ya tope. Samaki na ndege wanawala hao. Mnyororo ni mfupi.

Upande mwingine ni makala. Miombo inakatwa kulisha majiko ya Lubumbashi na Likasi, ardhi inabaki wazi, mvua inaishusha ziwani. Ziwa la kina kifupi haliwezi kupokea udongo milele. Nayasema haya kama mtu anayepika kwa makala, kama jirani zangu wote. Umeme wa Mwadingusha ukifika kwenye majiko yetu kwa uhakika, miti itapumua.

Na swali linalofuata daima: tule samaki? Watu wa huko wanakula kila siku, nami sitamwambia mama wa Kapolowe asiweke samaki pembeni ya bukari (ugali) wake. Kwa mgeni wa siku mbili, chagua samaki mbichi wa leo, toa matumbo na ini, pika vizuri. Anayekula kila siku ndiye anayestahili kuelezwa vipimo, na ndiye ambaye mara nyingi haelezwi.

Wavuvi wanasema ndege wanamaliza samaki. Niwajibu nini?

Kwanza wasikilize. Mvuvi aliyeamka usiku na kukuta nyavu zake zimetoboka hataki somo kutoka kwa mtu wa mjini mwenye viatu safi.

Kisha mnaweza kuzungumza. Mnandi anakula samaki, ni kweli, na kwa kawaida wale wadogo. Lakini wavuvi wazee wenyewe watakusimulia kinachowaumiza zaidi: nyavu za matundu madogo zinazokomba vichanga, na kuvua mahali samaki wanapozalia. Tilapia wa ziwa hili (Oreochromis macrochir) dume anachimba kiota kwenye maji mafupi, jike anabeba mayai mdomoni. Wavu ukipita hapo wakati huo, umevua kizazi kizima. Ruwet alichunguza uzazi wa samaki hawa Tshangalele miaka zaidi ya 60 iliyopita.

Pia ndege wanamfanyia mvuvi kazi. Buabua wakianza kupiga mbizi pamoja mahali pamoja, mvuvi anajua dagaa wako wapi. Mazungumzo ya namna hii yanakwenda mbali kuliko kusema "msiue ndege".

Na mlipe mvuvi anayewapeleka na mtumbwi wake. Mpatane bei kabla ya kupanda, mlipe kamili mkishuka, bila kukata. Siku ambayo matete yenye viota yataleta fedha nyumbani, hakuna atakayeyachoma.

Niende na vifaa gani?

Darubini, au jumeli kama tunavyosema wengi. Namba 8x42 inatosha na inafaa kuliko zile za 20 zinazouzwa sokoni, ambazo zinatikisika mkononi mpaka ndege anakuwa ukungu. Ukikosa, nenda hivyo hivyo. Mdiria, sile na furukombe wanaonekana kwa macho.

Daftari na kalamu ya risasi, maana wino unakimbia maji. Simu yenye programu ya Merlin, ya bure, kutoka Cornell Lab of Ornithology: pakua orodha ya ndege wa eneo hili ukiwa bado mjini, kwa sababu ukingoni mtandao unakuja na kwenda. Itumie kama msaidizi, si kama hakimu. Wanana watamchanganya hata yeye. Kofia, maji ya kunywa ya kutosha, mfuko wa plastiki wa kufunika simu.

Nguo za rangi tulivu. Acha mavazi yanayofanana na ya kijeshi nyumbani kabisa.

Kuna hatari gani?

Radi ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Mvua za Katanga zinakuja na radi nyingi, na mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi katikati ya ziwa tambarare ndiye kitu kirefu kuliko vyote. Wingu likianza kupanda mchana, rudi ukingoni mara moja. Usisubiri tone la kwanza. Mvuvi akisema "turudi", turudi, hata kama mnana yuko mbele yako.

Kichocho kipo kwenye maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo usitembee pekupeku ndani ya maji wala usioge ziwani. Malaria: chandarua, dawa ya mbu, mikono mirefu jioni. Mamba na viboko, waulize wenyeji wa kila ghuba, kwa sababu wao ndio wanaojua ni wapi panapitika na wapi hapapitiki mwaka huu. Vaa jaketi la kuokolea mtumbwini. Halipatikani kijijini, toka nalo mjini.

Naweza kupiga sauti ya ndege kwenye simu ili ajitokeze?

Wakati wa kuzaa, hapana. Dume anaacha kazi yake kuja kupigana na mpinzani asiyekuwepo, na ukifanya hivyo mara nyingi mahali pamoja anaweza kuuacha ujenzi. Kwa mnana ambaye makao yake yote yanayojulikana ni ziwa moja, sioni sababu inayotosha.

Usiguse viota, usikate matete ili foto ipendeze, usimsukume mwendesha mtumbwi akaribie zaidi. Ndege wakiruka wote kwa pamoja, mmeshakaribia mno.

Nikishaona, niandike nini na nipeleke wapi?

Andika tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, spishi, idadi. Kama hujui spishi, andika ulichokiona na uache nafasi. Jina ambalo wavuvi wanamwita ndege huyo kwa Kisanga au Kilamba liandike pia, pamoja na kijiji ulikolisikia.

Kisha iweke kwenye eBird, tovuti ya kukusanya orodha za ndege, ambayo ni bure na inasomwa na watafiti wa dunia nzima. Orodha ndogo ya kweli ni bora kuliko orodha ndefu ya kubahatisha. Hata siku ambayo hukuona kitu cha ajabu, peleka: mtafiti anahitaji kujua mnandi wa kawaida walikuwa wangapi, ili miaka kumi baadaye mtu aweze kusema wamepungua au wameongezeka. Kwa Ulaya kumbukumbu za namna hii zinarudi nyuma vizazi. Kwa Tshangalele kurasa nyingi bado ni tupu.

Kila Januari, nchi nyingi zinafanya hesabu ya ndege wa majini inayoratibiwa na Wetlands International, iliyoanza mwaka 1967. Kikundi cha wanafunzi chenye darubini mbili na mtumbwi mmoja kinaweza kuhesabu ghuba moja ya Kapolowe, ile ile kila mwaka. Wanafunzi wa Unilu, nawasemea ninyi kwanza. Chagueni sehemu mtakayoweza kuirudia. Ghuba moja kwa miaka mitano inafundisha zaidi kuliko ziwa zima kwa siku moja.

Watoto wanaweza kuja?

Waje. Ukingoni, si mtumbwini. Wape kazi ya kuhesabu sile.

Sina fedha ya kufika Kapolowe sasa. Nianzie wapi Lubumbashi?

Anzia kwenye maji yaliyo karibu. Ziwa la mjini Lubumbashi nalo limetokana na kuzuia mto, na asubuhi mapema lina yangeyange, mdiria na wanana. Kipopo, nje ya jiji, pana bwawa la kituo cha utafiti wa samaki. Omba ruhusa kwa walinzi kwanza. Hata mfereji wenye matete nyuma ya kwako unafaa.

Chagua mnana mmoja wa kawaida mwanzoni mwa mvua. Mtazame anavyofunga fundo la kwanza, anavyosuka pete, anavyokata majani ya tawi ili nyoka asipate njia, jike anavyokuja kukagua na kukataa, naye anavyobomoa na kuanza upya. Chora uso wake mpaka ujue barakoa inaishia wapi, juu ya jicho au chini yake, na inashuka kooni kiasi gani. Ukiwajua vizuri wanana wa mjini, utakapofika Tshangalele utajua ni yupi ambaye hujawahi kumwona.